Kuacha Mshahara, Kufuata Hisabati



Sisi tulioaminiwa kalamu ya kamati ya msikiti huandika barua za kila namna. Huandika kumtambulisha bwana harusi kwa imamu wa msikiti wa mtaa wa pili, kuiomba serikali ya mtaa iruhusu barabara ifungwe siku ya Idi, kuithibitishia shule kwamba yatima fulani ni wa kwetu, na kuwakumbusha wapangaji wa maduka ya wakfu kwamba mwezi umeandama na kodi haijaonekana. Zaidi ya miaka mitatu iliyopita tulifikiwa na shauri ambalo halikuwa na mfano katika majalada yetu. Mama mmoja, jirani wa msikiti wa siku nyingi, aliomba kamati imwite mwanawe na kumkanya. Tulitarajia ya kawaida: ndoa inayoyumba, marafiki wabaya, au deni. Mama akasema, “Mwanangu anataka kuacha kazi akasome hesabu.”

Kijana mwenyewe tulimjua vyema. Alikuwa na umri wa miaka 31, ana mke na watoto wawili, na kila Ijumaa alikuwa akimsaidia mweka hazina kuhesabu sadaka. Alisoma hisabati chuo kikuu, akahitimu, akaajiriwa katika kampuni moja ya simu, na huko alikuwa ametimiza miaka minane. Mshahara wake ndio uliolipa ada za wadogo zake wawili, dawa za presha za mama yake, na mabati ya nyumba ambayo mama huyo alihamia baada ya kumaliza eda ya mumewe. Kwa hiyo mama hakuwa akisema upuuzi. Aliuza vitumbua kwa miaka kumi na mitano ili mwanawe asome. Sasa mwana amesoma, ameajiriwa, anatunza watu, halafu anasema anataka kurudi darasani. Yeyote aliyewahi kuhesabu sarafu za vitumbua usiku kwa mwanga wa kibatari atauelewa uchungu huo.

Tuliketi baada ya swala ya Isha: wajumbe wa kamati, kijana, mama yake, mjomba wake, na mkewe aliyekuja na kaka yake. Mzee wetu wa adhana, ambaye haoni haya kuuliza, ndiye aliyeanza. “Mwanangu, hesabu si zilikwisha? Mbili na mbili ni nne tangu zama za Nabii Adam. Utakwenda kutafuta nini kipya?” Watu wakacheka, na kijana naye akacheka, kisha akajibu kwa upole.

Alieleza kwamba kazi yake ni kukadiria kila wakala wa fedha za simu ahitaji salio kiasi gani ili mteja asirudishwe mikono mitupu, na wakati huohuo fedha nyingi zisilale bure. Wateja hawaji kwa mpangilio. Siku ya mishahara huja kama siafu, siku ya mvua hawaonekani. Elimu ya kupima mambo ya namna hiyo huitwa nadharia ya foleni, nayo ilizaliwa katika kampuni ya simu. Mdenmark Agner Krarup Erlang aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908, na mwaka uliofuata akachapisha makala iliyoeleza kwa kanuni za uwezekano jinsi simu za wateja zinavyoingia. Siku hizi, alisema kijana, kompyuta humpa jibu, nalo aghalabu hutosha. Mkuu wake hulitaka kabla ya saa kumi jioni. Lakini kwa nini jibu hilo ni sahihi, ni katika hali gani litaacha kuwa sahihi, na je, lipo lililo bora kuliko hilo, hayo hakuna anayelipwa kuyauliza. “Mzee,” alimalizia, “kazini nalipwa kwa kukadiria. Mimi nataka kuthibitisha.”

Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyobeba shauri zima, na yafaa tuifafanue kwa manufaa ya wazazi ambao watoto wao watawaambia maneno kama hayo. Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia mwanahisabati Leonhard Euler barua ambayo kutokana nayo tulipata dai jepesi: kila namba shufwa iliyo kubwa kuliko mbili ni jumla ya namba tasa mbili. Nane ni tatu na tano. Kumi ni tatu na saba. Ishirini ni tatu na kumi na saba. Kompyuta zimelijaribu dai hilo kwa mabilioni ya mabilioni ya namba, wala haijaonekana hata moja inayolivunja. Mfanyabiashara angesema yatosha, tuendelee. Mwanahisabati husema bado, kwa sababu namba hazina mwisho na majaribio yana mwisho. Mpaka leo dai hilo halijathibitishwa. Anayeomba nafasi ya shahada ya uzamivu ya hisabati anaomba apewe miaka ya kukaa na swali la aina hiyo, japo dogo zaidi, mpaka alitoe jibu ambalo halitatenguka.

Sisi tuliopitia vyuo vya Kiislamu hatukuwa na sababu ya kushangazwa na hamu hiyo, kwani hisabati tuliikuta ndani ya fiqhi. Anayesoma ilimu ya mirathi hufundishwa kisa maarufu cha Sayyidna Ali (R.A.), aliyeulizwa akiwa juu ya mimbari: mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti wana thuluthi mbili, baba ana sudusi na mama ana sudusi. Ukizigeuza hisa hizo kuwa sehemu za ishirini na nne, mke hupata 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4. Jumla yake ni 27, nazo sehemu zilizopo ni 24. Sayyidna Ali alijibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani mali igawanywe kwa 27, na 3 katika 27 ni moja ya tisa. Kila mtu alipunguziwa kwa uwiano uleule, wala hakuna aliyeonewa. Hukumu hiyo huitwa aul, na yeyote asiyeweza kuzifuata hesabu zake hawezi kuwagawia mayatima haki yao.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad katika utawala wa Khalifa al-Ma'mun, kati ya mwaka 813 na 833. Katika kitabu chake kilichoipa dunia neno aljebra, sehemu kubwa ni masuala ya wasia na mirathi. Jina lake mwenyewe ndilo lililozaa neno algorithimu linalotajwa leo kila penye kompyuta. Naye Imam Ghazali, katika Ihya, aliihesabu elimu ya hesabu pamoja na utabibu katika fardhi kifaya: elimu ambazo umma ukizikosa kabisa wote wamepata dhambi, na wakiwapo wa kutosha wengine wamesalimika. Hoja hiyo tuliieleza katika kikao kile, na mama wa kijana akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Na mimi na wajukuu zangu, ni fardhi gani?”

Swali lake lilikuwa la kifaqihi kuliko alivyodhani. Nafaka ya mke na watoto ni fardhi ain kwa mwanamume huyu mmoja, hawezi kubebewa na umma. Kuwatazama wazazi waliofikia uzee ni haki isiyokuwa na mjadala. Mtume (S.A.W.) aliwahadharisha watu wasiwapuuze wale wanaowategemea kwa chakula. Fardhi kifaya haiangushi fardhi ain, hata iwe na heshima kiasi gani mbele za watu. Hapo ndipo tulipomkumbuka Imam Ghazali kwa mara ya pili. Mwaka 1095 aliuacha uprofesa wa Nidhamiyya ya Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wa zama zake walikitamani, akaenda kuitafuta yakini aliyoikosa ndani ya umaarufu. Watu hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya ule ujasiri wa kuondoka. Wachache husimulia kwamba katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake, Imam anaeleza kuwa aliigawa mali yake baada ya kubakisha kiasi cha kumkimu yeye na kuwalisha watoto wake. Aliyekuwa akienda kumtafuta Mola wake hakuwaacha wanawe na njaa. Anayekwenda kutafuta hisabati hawezi kuwa na ruhusa pana zaidi.

Mpaka wakati huo mke wa kijana hakuwa amesema neno. Imamu alimwomba azungumze, na kaka yake akanyanyuka kutaka kumsemea, lakini yeye akamtangulia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na aliongea kama aliyekwisha kuandika ubaoni. Alisema hampingi mumewe, kwa kuwa amemwona akiamka kabla ya Alfajiri kusoma vitabu ambavyo hakuna aliyemlazimisha kuvisoma, na mtu hawezi kuigiza jambo kwa miaka minne mbele ya mke. Ila ana masharti matatu, na anataka kamati iyaandike.

Sharti la kwanza: mumewe asiandike barua ya kuacha kazi kabla barua ya kupokelewa chuoni, yenye ufadhili uliotajwa kwa tarakimu, haijafika mkononi. La pili: wasiingie katika mkopo wa riba hata wa shilingi moja kwa ajili ya safari hii, deni la Bodi ya Mikopo, ambalo likikatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, limalizwe kwanza, na iwekwe akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumba zote mbili, yao na ya mama. La tatu: ataomba mizunguko miwili tu. Ikiwa mwaka wa kwanza na mara ya pili vyuo vyote vitamkataa, atabaki kazini kwa moyo mkunjufu, “na asije akanihesabia mimi na watoto kuwa ndio tuliomfunga miguu.” Tuliyaandika masharti hayo, wote wawili wakatia saini, na mjomba akawa shahidi. Mama hakutia saini, lakini alisubiri mpaka wino ukauke.

Sasa tueleze kazi yenyewe ya kuomba, kwa kuwa wengi wetu hatuijui na kutoijua huzaa hofu. Hofu ya kwanza ni ada. Wazazi hudhani mwana anayeomba shahada ya uzamivu nje ya nchi atahitaji mamilioni. Kwa hisabati, vyuo vikuu vingi vya Marekani huendesha jambo hilo kwa namna nyingine: anayepokelewa husamehewa ada na hupewa posho, naye hulipa kwa kufundisha mazoezi au kusahihisha kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Muda wake huwa miaka mitano au zaidi, na mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba moja kwa moja. Katika nchi nyingi za Ulaya hutakiwa kwanza shahada ya uzamili. Masomo huchukua miaka mitatu au minne. Na mahali pengi, kama Ujerumani, nafasi hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha huwapokea wanafunzi wa uzamivu katika fani hizi. Upo pia mtandao wa AIMS, ulioanzishwa Afrika ya Kusini mwaka 2003 na wenye vituo Rwanda, Ghana, Senegal na Kameruni, unaowafadhili vijana wa Afrika kwa uzamili wa hisabati. Na kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964, hutoa diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, hisabati ikiwamo.

Hofu ya pili ni makaratasi. Vyuo vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na mwanzoni mwa Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Hutaka transkripti, maelezo ya kusudio la mwombaji, mtihani wa Kiingereza isipokuwa pale wanapousamehe, na barua tatu za mapendekezo. Upo pia mtihani maalumu wa hisabati unaoitwa GRE, ambao vyuo vingi vimeuacha au vimeufanya wa hiari, na vingine bado huutaka. Ada ya kuomba hutozwa kwa kila chuo, na vyuo kadhaa huisamehe kwa anayeomba msamaha mapema.

Kijana wetu aliomba vyuo saba katika mzunguko wa kwanza. Majibu yalianza kurudi Februari. Kufikia mwisho wa Machi yalikuwa saba, yote ya kukataa, kila moja likimshukuru kwa kuonyesha nia. Katika juma hilo mama yake alikuja msikitini na kaumu la vitumbua kwa ajili ya darasa la watoto, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi. Hatukumuuliza ni furaha au ni huruma. Yumkini yalikuwa yote mawili.

Kijana alimwandikia mwalimu wake wa zamani wa chuo kikuu kuuliza ni wapi pamevuja, na jibu la mwalimu huyo lina faida kwa kila aliye kazini mwenye kusudio kama lake. Barua mbili kati ya tatu ziliandikwa na wakuu wake wa kazi. Zilimsifu kwa uaminifu, bidii na kuwahi, na zote zilikuwa kweli. Lakini profesa anayechagua wanafunzi wa uzamivu anatafuta jambo jingine: je, mtu huyu akipewa swali lisilo na jibu kitabuni, atafanya nini? Hilo hulijua mwanahisabati aliyemwona akifanya hisabati. Tena miaka minane ilikuwa imepita tangu asome uchambuzi wa namba halisi na aljebra dhahania, na hapakuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha kwamba bado anayakumbuka. Kazi ya kampuni ilikuwa imemfundisha mengi. Transkripti haikuwa na mahali pa kuyaandika.

Kwa ajili hiyohiyo sisi wa kamati hatukumwandikia barua, ingawa mjomba alituomba. Barua yetu ingethibitisha swala zake tano na amana yake katika sadaka. Mbele ya Allah hayo ni makubwa, lakini jopo la maprofesa haliulizi hayo, na ushahidi hutolewa pale unapohitajika na mwenye ilimu ya jambo lenyewe.

Basi akafanya lililowezekana. Aliomba uzamili wa hisabati katika chuo kikuu cha hapa nchini, akakubaliana na mwajiri wake afanye kazi zamu za jioni, akasoma asubuhi. Kwa takriban miaka miwili tulimwona Alfajiri na Isha tu. Tasnifu yake aliiandika juu ya foleni zilezile za mawakala, safari hii akithibitisha kile alichokuwa akikikadiria. Hapo miaka minane ya kazini ikageuka kuwa mtaji: swali alilolileta chuoni lilikuwa amekutana nalo likiwa hai, lina jasho na malalamiko ya wateja. Walimu wawili waliomsimamia wakaandika barua zao wenyewe, na ya tatu ikatoka kwa mkuu wake wa kazi, ambaye sasa alielekezwa aeleze tatizo gani lilimshinda kila mtu ofisini na kijana alilitatua vipi.

Katika miezi hiyo, vijana wa darasa la jioni walipenda kumsikiliza akisimulia habari za waliomtangulia. Srinivasa Ramanujan alikuwa karani katika mamlaka ya bandari ya Madras, India, alipoandika barua kwa profesa G. H. Hardy wa Cambridge mwezi Januari 1913. Wengine aliowaandikia kabla yake hawakumsaidia. Hardy aliisoma barua, na mwaka uliofuata karani yule alikuwa Cambridge. June Huh, aliyewahi kuacha shule akitamani kuwa mshairi, alikataliwa na karibu vyuo vyote vya Marekani alivyoviomba, kimoja tu kikampokea. Mwaka 2022 alitunukiwa Nishani ya Fields, ambayo katika hisabati hakuna inayoizidi kwa heshima.

Lakini tuliwataka vijana wasikie na kisa cha pili, ili matumaini yao yawe na miguu. Yitang Zhang alipata uzamivu wake Marekani mwaka 1991, asipate kazi ya chuo kikuu kwa miaka kadhaa. Akaishi kwa kazi za hesabu za biashara na hata za mgahawa. Mwaka 2013, umri ukikaribia miaka 60, alithibitisha jambo kuhusu namba tasa lililowashangaza wanahisabati wa dunia nzima. Kisa hicho husimuliwa kwa ajili ya mwisho wake. Familia inayompeleka mtu katika njia hii yapasa iitazame na miaka ya katikati, ambayo hakuna aliyeahidiwa kuwa itakuwa na mwisho kama ule. Shahada ya uzamivu ya hisabati si tikiti ya utajiri. Wengi huishia kufundisha, wengine hurejea katika mabenki, bima na kampuni za simu walikotoka. Anayeifuata kwa ajili ya kuitwa Daktari kwenye kadi za harusi angebaki na mshahara wake.

Mzunguko wa pili aliomba vyuo sita. Vitano vilikataa. Kimoja, cha Marekani, kilimwandikia Machi kwamba kimempokea, ada imesamehewa, na posho ya kufundisha imetajwa kwa tarakimu, kama sharti la kwanza lilivyotaka. Vyuo vingi vya huko vimekubaliana kumpa aliyepewa ufadhili muda hadi tarehe 15 Aprili kutoa jibu, kwa hiyo tuliketi tena. Deni la Bodi lilikuwa limekwisha. Akiba ya miezi sita ilikuwepo, na risiti zake tulizionyeshwa bila kuziomba.

Lakini lilibaki gumu ambalo masharti hayakuligusa. Posho ile humtosha mtu mmoja kwa heshima, na watu wanne kwa dhiki. Na mke anayemfuata mwanafunzi kwa viza ya mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi Marekani. Akienda, mwalimu huyu anaacha ajira yake na mshahara wake. Asipokwenda, watoto wanamkosa baba katika miaka ambayo mtoto hujifunza kuswali kwa kumtazama baba. Kikao hiki hakikuwa na hoja za Baghdad wala za Copenhagen. Kilikuwa na ukimya mwingi. Waliswali istikhara, kila mmoja peke yake, na baada ya siku kumi wakatupa jibu lao: mume atangulie mwaka wa kwanza; mke abaki kazini na watoto; likizo ya kiangazi ya chuo mume arejee; na mwisho wa mwaka huo watakaa tena, na neno la mke ndilo litakaloamua kama familia nzima inahama au mume anarudi. Hilo nalo limeandikwa.

Tumeulizwa na baadhi ya wazee: ingekuwaje kama mwombaji angekuwa binti au mke? Jibu letu ni kwamba meza ingekuwa ileile na maswali yaleyale: nani anategemea nini, nani atalea, na mwenza amekubali kwa moyo au kwa kuona haya? Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1977, ndiye mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Fields, mwaka 2014, naye alikuwa mke na mama. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 40. Kama wazazi wake wangeliona hamu yake kuwa ni mchezo wa kusubiria posa, dunia ya hisabati ingepungukiwa.

Wazazi na ndugu, tunayoyaomba kwenu ni machache. Kijana akiwaambia anataka kuacha kazi akasome, msianze kwa kumkanya wala kwa kumpigia vigelegele. Mwulizeni swali gani linalomkosesha usingizi. Mwenye hamu ya kweli atakuwa nalo. Mwulizeni madeni yake. Mwulizeni nani ataandika barua zake, na lini mara ya mwisho mtu huyo aliona kazi yake. Mketi na mwenza wake na mmsikilize yeye, wala si kaka yake. Wekeni ukomo, na muuandike. Na ninyi vijana, msiwachoke wazazi wenu kwa kuuliza. Aliyewalipia shule kwa vitumbua ana haki ya kujua mtaji wake unakwenda wapi.

Tunapoandika makala hii, ndugu yetu amebakiza majuma machache kazini, na barua yake ya kuacha kazi imekwisha kupokelewa. Mama yake hajatamka kwamba amekubali. Juma lililopita alimletea koti zito la sufu alilolinunua mitumbani, akamjaribisha mbele ya watu, akasema mikono ni mifupi kidogo na kwamba atayashusha mapindo. Tunamwomba Allah (S.W.) amjaalie kijana huyo elimu yenye manufaa, aihifadhi nyumba yake nyuma yake, na awape watoto wetu wote wepesi katika yale aliyowaumbia. Amin.